James Parkinson: Tabibu wa mtaani aliyepima maradhi kwa kutazama watu wakitembea

JINA la James Parkinson hutamkwa kila siku katika vyumba vya madaktari, kuanzia London hadi Nairobi, na mara nyingi linapotamkwa huwa limeleta majonzi kwa familia inayolisikia. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kwamba mwenye jina hilo hakuwa na shahada ya chuo kikuu wala hakuwahi kuongoza hospitali kubwa. Aidha, watu watatu kati ya sita ambao alieleza maradhi yao hawakuwa wagonjwa wake. Aliwaona barabarani.

Parkinson alikuwa tabibu wa mtaa, aliyezaliwa, akafanya kazi na kuzeeka katika kitongoji kimoja cha London. Maradhi aliyoyaeleza mwaka 1817 yalikadiriwa na Shirika la Afya Duniani kuwa na wagonjwa zaidi ya milioni 8.5 kufikia mwaka 2019. Chombo alichotumia kuyatambua kilikuwa macho yake mawili. Alitazama jinsi mtu anavyosimama, anavyoanza kutembea, na jinsi anavyoshindwa kujizuia asianguke.

Habari za maisha yake zina uzito wa pekee katika mitaa kama Woodley, magharibi mwa jiji la Nairobi, mtaa uliojengwa na baraza la jiji enzi za ukoloni na ambao familia kadhaa zimeishi humo kwa miongo mingi. Mkazi wa Woodley anayetaka kufika soko la Toi au maduka ya Adams Arcade hana budi kupita penye watu wengi, mikokoteni, bodaboda na matatu za Barabara ya Ngong. Kwa kijana, hiyo ni safari ya dakika chache. Kwa mzee ambaye miguu yake imeanza kukataa amri, ni safari ya hatari.

Mzee wa namna hiyo huonekana akitembea kwa hatua fupi za kuburura, kiwiliwili kimeinama mbele, mkono mmoja haupungi. Jirani mmoja husema ni uzee. Mwingine husema ni kiharusi. Yupo atakayenong'ona kwamba amerogwa, na yupo mpita njia atakayedhani kwamba mzee amelewa. Wakati mabishano hayo yakiendelea, mzee huanguka, akavunjika nyonga, na kuanzia siku hiyo hatembei tena.

Zaidi ya miaka 200 iliyopita, katika mtaa mwingine uliokuwa ukingoni mwa jiji jingine, tabibu mmoja aliamua kutopita tu.

Mtoto wa Hoxton

James Parkinson alizaliwa tarehe 11 Aprili, 1755, katika nyumba nambari 1 ya uwanja wa Hoxton, parokia ya Shoreditch, mjini London. Baba yake, John Parkinson, alikuwa tabibu aliyepasua wagonjwa na kuwachanganyia dawa, kazi ambazo siku hizo zilifanywa na mtu mmoja.

Wakati huo Hoxton ilikuwa nje kidogo ya jiji, yenye bustani za mboga na nyumba za watu wenye kipato cha wastani. Kadiri Parkinson alivyokua ndivyo London ilivyozidi kupanuka na kuimeza. Bustani zikageuka kuwa nyumba zilizobanana, maskini wakajazana, na tajiri akawa anaishi hatua chache kutoka kwa fukara. Msomaji anayejua jinsi Woodley inavyopakana na Kibera hatakuwa na taabu ya kuipiga picha Hoxton ya wakati huo.

Kijana Parkinson alijifunza kazi akiwa mwanagenzi wa baba yake, kisha mwaka 1776 akawa mwanafunzi katika Hospitali ya London. Mwaka uliofuata, yeye na baba yake walimrudishia uhai mwanamume mmoja aliyejinyonga, na chama kilichohimiza uokoaji wa watu walioonekana wamekufa kikamtunukia kijana huyo medali ya fedha. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Mwaka 1784 baba yake alifariki dunia, na katika mwaka huo huo Parkinson akapata kibali cha kuwa daktari wa upasuaji. Alirithi nyumba, wagonjwa na wajibu wa kuitunza familia. Alimwoa Mary Dale, wakajaliwa watoto kadhaa, mmoja wao akiwa John, ambaye naye alifuata kazi ya babu na baba.

Mwaka 1785 alihudhuria mihadhara ya John Hunter, daktari wa upasuaji aliyesifika kuliko wote nchini Uingereza enzi hizo. Parkinson alijua hati mkato, na aliyaandika maneno ya mwalimu wake yalivyotoka kinywani. Mwanawe alichapisha maandishi hayo mwaka 1833. Hunter aliwasisitizia wanafunzi wake wachunguze kwanza na kuamini baadaye, na fundisho hilo Parkinson hakulisahau.

Mwanasiasa aliyeponea chupuchupu

Kabla ya kujulikana kwa udaktari, Parkinson alijulikana kwa siasa. Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 yaliwatia Waingereza wengi hamu ya mabadiliko, naye akajiunga na chama cha mafundi na watu wa kawaida waliodai kila mwanamume apewe haki ya kupiga kura. Aliandika vijitabu vya kuwakashifu watawala na kuwatetea maskini, akijificha nyuma ya jina la Mzee Hubert.

Serikali haikuchukua jambo hilo kwa mzaha. Wanaharakati kutoka Scotland walikuwa wamekwisha kuhukumiwa kupelekwa uhamishoni Australia. Mwaka 1794, watu waliofahamiana na Parkinson walikamatwa kwa madai ya kupanga kumuua Mfalme George wa Tatu kwa mshale wenye sumu uliotarajiwa kufyatuliwa kutoka kwenye bunduki ya upepo.

Parkinson alifika mbele ya baraza la mfalme, lililomjumuisha Waziri Mkuu William Pitt, kutoa ushahidi. Alikiri kwamba vijitabu vya Mzee Hubert vilikuwa vyake, jambo lililohitaji moyo mgumu katika chumba kile. Hakushtakiwa, na njama yenyewe haikuwahi kuthibitishwa mahakamani. Baada ya hapo alipunguza siasa za majukwaani, lakini hakuacha kuwajali wanyonge.

Aligeuza kalamu yake kuelimisha umma. Mnamo 1799 na 1800 alichapisha vitabu vya kuwafunza watu wa kawaida jinsi ya kutunza afya na kutambua dalili zisizofaa kupuuzwa. Kingine kiliwaonya watoto kuhusu michezo inayovunja viungo. Alikuwa pia daktari wa nyumba ya binafsi ya kuwatunza wagonjwa wa akili huko Hoxton, na mwaka 1811 alitoa kijitabu kuhusu sheria iliyosimamia nyumba za aina hiyo.

Yeye mwenyewe aliugua jongo, na mwaka 1805 akachapisha kitabu kuhusu maradhi hayo. Mwaka 1812, yeye na mwanawe John walieleza kifo cha mtoto aliyekuwa na kidole tumbo kilichotoboka, mojawapo ya maelezo ya kwanza ya ugonjwa huo kwa lugha ya Kiingereza.

Mapenzi yake mengine yalikuwa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Kati ya 1804 na 1811 alitoa vitabu vitatu vikubwa juu ya mabaki hayo, na mwezi Novemba 1807 alikuwa miongoni mwa watu 13 walioasisi Jumuiya ya Jiolojia ya London. Wanajiolojia wa siku zake walimheshimu kwa mawe, si kwa mitetemeko, na hadi leo kuna kiumbe wa kale wa baharini anayeitwa Parkinsonia.

Watu sita

Mwaka 1817, akiwa na umri wa miaka 62, Parkinson alitoa kitabu chembamba cha kurasa 66 kuhusu maradhi aliyoyaita kupooza kwa kutetemeka. Kilijengwa juu ya watu sita.

Wa kwanza alikuwa mtunza bustani mwenye umri wa zaidi ya miaka 50, mtu asiye na ulevi, ambaye kutetemeka kwake kulianzia mkono wa kushoto. Wa pili alikutana naye barabarani, mzee wa miaka kama 62 aliyekuwa mhudumu katika ofisi ya hakimu. Mzee huyo alitembea kwa ncha za nyayo, na kama si fimbo yake angeanguka katika kila hatua. Wa tatu, pia wa barabarani, alikuwa baharia wa zamani ambaye aliamini kwamba maradhi yake yalitokana na kulala kwenye udongo wenye unyevu gerezani nchini Uhispania.

Wa nne alimtibu kwa tatizo jingine, kisha akapotea machoni pake. Wa sita alikuwa mzee wa miaka 72 aliyeishi na maradhi hayo kwa zaidi ya mwongo mmoja.

Lakini ni wa tano anayestahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu Parkinson hakupata hata kuzungumza naye. Alimwona kwa mbali tu. Mtu huyo hakuweza kutembea polepole. Aliweza kukimbia au kusimama. Mtumishi wake alisimama mbele yake, akamwekea mikono miwili mabegani, naye akajiyumbisha taratibu mbele na nyuma hadi alipopata usawa. Kisha mgonjwa alitoa ishara, mtumishi akapisha na kutimua mbio mbele yake, tayari kumdaka. Baada ya hatua zipatazo 20, mtumishi alihitajika kumpokea ili asianguke.

Hizo hatua 20 ni kipimo. Tabibu aliyesimama mbali, bila saa wala utepe, aliona inafaa kuhesabu umbali ambao mwili ule uliweza kwenda kabla ya kushindwa. Aliona pia mahali mikono ya msaidizi ilipowekwa. Mambo yote mawili yangali sehemu ya uchunguzi wa ugonjwa huo.

Kutokana na watu hao sita, Parkinson alichora njia ya maradhi tangu mwanzo hadi mwisho. Alieleza kwamba huanza kimyakimya kiasi kwamba mgonjwa hukumbuka kwa shida siku yalipoanza. Mkono mmoja hutetemeka ukiwa umetulia, na hutulia ukipewa kazi. Baada ya mwaka au zaidi, upande wa pili hufuata. Mwandiko huharibika, kijiko hakifiki kinywani, kidevu huinama kifuani, na sauti hufifia.

Kisha huja suala la miguu. Mgonjwa hulazimika kufikiria kila hatua, jambo ambalo mtu mzima hulifanya bila kufikiria. Mwili humsukuma mbele, naye hukimbia bila kutaka, akiufukuzia uzito wake mwenyewe. Mke wa mmoja wa wagonjwa hao alisema kwamba mumewe akivuka chumba, hata pini iliyolala sakafuni angeiona kuwa kizuizi.

Alipokosea na alipopatia

Parkinson hakudai kuwa amemaliza kazi. Alikiri kwamba hakuwa amepata nafasi ya kupasua maiti ya mgonjwa yeyote kati ya hao, na aliomba radhi kwa kuchapisha mawazo ambayo hayajathibitishwa. Alifanya hivyo, alieleza, ili wenye ujuzi wa kupasua maiti waamke na kuutafuta mzizi wa maradhi.

Alikisia kwamba chanzo kiko sehemu ya juu ya uti wa mgongo, shingoni, na akapendekeza damu itolewe hapo. Alikosea. Aliamini pia kwamba akili ya mgonjwa hubaki salama daima, ilhali sasa inafahamika kwamba baadhi ya wagonjwa hupoteza kumbukumbu, na wengi hupata huzuni kubwa. Vilevile alidhani misuli hudhoofika.

Kosa hilo la mwisho lilirekebishwa na Mfaransa Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Charcot alionyesha kwamba wagonjwa wengi hawakosi nguvu. Viungo vyao vimekakamaa na mwendo umepungua kasi, na si wote wanaotetemeka. Kwa sababu hiyo alilikataa jina la kupooza kwa kutetemeka, na katika miaka ya 1870 akapendekeza maradhi hayo yaitwe kwa jina la Mwingereza aliyeyaeleza kwanza.

Parkinson mwenyewe hakuisikia heshima hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji kilimtunuku medali ya dhahabu, lakini kwa kazi yake ya visukuku. Alifariki dunia tarehe 21 Desemba, 1824, baada ya kupatwa na kiharusi, akiwa na umri wa miaka 69. Alizikwa katika kanisa la Mtakatifu Leonard huko Shoreditch, kanisa lile lile alilobatiziwa.

Hakuna picha yake. Upigaji picha ulitangazwa duniani mwaka 1839, miaka 15 baada ya kifo chake, na hakuna mchoro wa sura yake unaojulikana. Picha za mzee mwenye ndevu zinazosambazwa kwa jina lake ni za watu wengine walioitwa James Parkinson.

Kutoka macho hadi saa

Mzizi ambao Parkinson aliomba utafutwe ulipatikana polepole. Mwaka 1919, Konstantin Tretiakoff, Mrusi aliyekuwa akisomea Paris, alionyesha kwamba seli za sehemu nyeusi iliyo ndani kabisa ya ubongo hufa kwa wagonjwa hao. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Arvid Carlsson wa Uswidi alitambua kazi ya dopamini, kemikali inayotengenezwa na seli hizo, na mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz na mwenzake mjini Vienna wakathibitisha kwamba imepungua mno katika ubongo wa wagonjwa. Mwaka 1967, George Cotzias nchini Marekani alionyesha kwamba dawa ya levodopa, ikitolewa kwa kuongezwa kidogo kidogo, humwinua mgonjwa aliyekuwa amelala.

Levodopa ingali dawa kuu. Hata hivyo, madaktari waligundua jambo linalowasumbua hadi sasa: hulegeza viungo na kupunguza kutetemeka, lakini haiurudishi vizuri usawa wa mwili. Mgonjwa anaweza kuonekana ametulia mikono, kumbe bado anaanguka. Ndiyo sababu kutetemeka pekee hakutoshi kueleza hali ya mgonjwa, na usawa lazima upimwe peke yake.

Mwaka huo huo wa 1967, Margaret Hoehn na Melvin Yahr wa New York waliugawa ugonjwa katika daraja tano. Daraja la kwanza ni dalili za upande mmoja wa mwili. La pili ni pande zote mbili, lakini mtu bado hayumbi. La tatu huanza pale usawa unapoharibika ingawa mgonjwa bado anajitegemea. La nne ni ulemavu mkubwa, na la tano ni la kiti cha magurudumu au kitanda, isipokuwa asaidiwe. Kwa maneno mengine, mstari unaotenganisha maradhi mepesi na mazito haukuchorwa kwenye mikono inayotetemeka. Ulichorwa kwenye miguu.

Daktari hujuaje kwamba mstari huo umevukwa? Njia inayotumika zaidi ni ya kuvuta mabega. Mgonjwa husimama wima, macho wazi, miguu imeachana kidogo. Daktari humweleza kitakachofanyika, husimama nyuma yake, humshika mabega na kumvuta kwa ghafla kuelekea nyuma, akiwa tayari kumdaka. Mwenye hatua moja au mbili za kujirekebisha hana tatizo. Anayehitaji hatua tatu hadi tano ameanza kuathirika, na anayezidi hapo ameathirika zaidi. Asiyejitetea kabisa, anayeanguka kama mti uliokatwa, yuko hatarini mno.

Katika kisa cha Parkinson mtumishi alikuwa mbele. Siku hizi daktari huwa nyuma. Mikono ni ile ile, mabegani.

Njia nyingine, iliyochapishwa mwaka 1991, huhitaji kiti, saa na utepe wa kupimia. Mgonjwa huamka kitini, hutembea mita tatu, hugeuka, hurudi na kuketi, huku muda ukihesabiwa. Mzee mwenye afya humaliza kwa takriban sekunde 10. Mtaalamu mzoefu hatazami saa tu. Hutazama kama mgonjwa ameinuka kwa mara moja au baada ya kujaribu mara kadhaa, na hasa hutazama pale anapogeuka, kwa kuwa mwenye Parkinson hugeuka kwa vihatua vingi vidogo, na hapo ndipo wengi huanguka.

Ipo pia orodha ya kazi 14, iliyoandaliwa nchini Kanada mwishoni mwa miaka ya 1980, ambapo mtu hupewa alama hadi 56 kwa kusimama, kuinama, kuokota kitu na kusimama kwa mguu mmoja. Katika maabara zenye uwezo, kuna vibao vya kusimamia vinavyorekodi jinsi mwili unavyoyumba, na vihisio vidogo vinavyovaliwa kiunoni. Vipimo hivyo huona yale ambayo jicho halioni. Lakini vyote vina sharti moja: mgonjwa apimwe katika muda ule ule tangu anywe dawa, kwa sababu mtu mmoja anaweza kutembea vizuri saa nne na kukwama saa nane.

Fundisho la Hai

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba Parkinson ni ugonjwa wa Wazungu. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro nchini Tanzania, watafiti waliamua kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza na kutazama, katika eneo lenye wakazi 161,071. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari jina la kinachowasumbua. Walikuwa wakiishi na maradhi hayo bila jina na bila dawa.

Watafiti walirudi kwa wagonjwa huko kaskazini mwa Tanzania ambao hawakuwa wametumia dawa, wakawafunza kutembea kwa kufuata viashiria, kama vile mdundo wa sauti, unaouongoza mguu pale ubongo unaposhindwa. Matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba mwendo wao uliboreka. Tiba hiyo haikuhitaji mashine. Ilihitaji mtu wa kukaa na mgonjwa, kumtazama na kuupima mwendo wake kabla na baada ya mazoezi.

Hali hiyo haiko mbali na ya Kenya. Madaktari bingwa wa neva ni wachache na wengi wao wako Nairobi. Mkazi wa Woodley ana bahati ya kuwa karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta, lakini ukaribu huo haumsaidii anayeamini kwamba kuanguka ni sehemu ya kuzeeka. Hakuna kipimo cha damu cha kawaida kinachotosha kuthibitisha Parkinson. Kwa kiasi kikubwa, daktari bado huutambua kwa kusikiliza historia na kutazama, kama ilivyokuwa Hoxton.

Ndiyo maana jicho la kwanza si la daktari. Ni la mke, mtoto, mjukuu au jirani anayegundua kwamba mzee haupungi tena mkono mmoja, kwamba anakwama mlangoni, au kwamba ameanguka mara mbili ndani ya mwezi bila kujikwaa. Habari kama hizo, zikiandikwa na tarehe zake na kupelekwa kliniki, humpa daktari kile ambacho dakika chache za uchunguzi haziwezi kumpa. Kuwavuta wazee mabega nyumbani haifai, kwani anayeanguka bila mtaalamu wa kumdaka huweza kuvunjika. Kutazama na kuhesabu hakumdhuru mtu.

Mwaka 1912, daktari wa Marekani aliyeitwa Leonard Rowntree aliandika juu ya Parkinson akisikitika kwamba watu wake mwenyewe walikuwa wamemsahau. Tangu wakati huo ametendewa haki zaidi. Ukuta wa jengo linalosimama nambari 1, Hoxton, una kibao cha kumkumbuka, na tarehe 11 Aprili, siku aliyozaliwa, huadhimishwa duniani kama siku ya wagonjwa wa Parkinson. Mtunza bustani, mhudumu wa hakimu, baharia na wale wengine watatu hawana kibao, wala majina yao hayakuandikwa. Ni mwendo wao tu uliobaki, ukiwa umehifadhiwa katika kurasa 66 za mtu aliyewatazama.